Dizeli kuukuu inagonga: tafuta chanzo, pima krenki, ndipo ununue beringi

Mara nyingi huanza na taa. Gari limeteremka Mazeras na mzigo, limejikokota Changamwe na Makupa, likafika foleni ya feri Likoni injini ikiwa moto kabisa. Dereva akiachia mafuta, taa nyekundu ya oili inawaka. Akikanyaga kidogo, inazima. Baada ya siku kadhaa unasikika mlio kutoka chini ya injini, na mtu wa kwanza kuulizwa anajibu bila hata kuinama: "Hiyo ni beringi. Nunua seti tuweke."

Huenda ni kweli. Shida ni kwamba beringi haifi bure, na seti inayonunuliwa kwa kukisia ndiyo inayogonga tena kabla mwenye gari hajamaliza deni la dukani.

Maelezo haya ni ya dizeli za pampu ya kimakanika ambazo bado zinafanya kazi Pwani: Toyota 2L, 3L, 5L na 1HZ, Isuzu 4JA1 na 4JB1, Nissan TD27, Mitsubishi 4D56 na nyingine za rika hilo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo nyingi ya hizi zimekaa hapa muda mrefu na zimepita mikononi mwa mafundi wengi. Ukiwa na injini kama hiyo, usiamini kwamba krenki iliyo ndani, ile shafti inayozungushwa na pistoni, bado ni ya kiwandani. Kuna uwezekano mkubwa ilishasagwa mara moja, na aliyeisaga hakumwachia mtu karatasi.

Taa ya oili inawaka injini ikipata moto

Kabla ya kuilaumu beringi, hakikisha presha imeshuka kweli. Swichi ya presha, yaani kile kidude kilichofungwa kwenye bloku na waya mmoja, huharibika na kudanganya. Ifungue, funga geji ya mkono mahali pake, washa injini hadi ipate moto wa kazi, kisha soma. Kwa Toyota nyingi za dizeli za zamani, kitabu cha kiwanda kinakubali presha ndogo sana injini ikiwa imetulia, psi 4 na ushei tu, lakini kwa mizunguko 3000 kwa dakika kinataka kati ya psi 36 na 85. Hiyo namba ya pili ndiyo yenye maana zaidi. Injini inayosoma chini wakati imetulia lakini inapanda vizuri ikikanyagwa haijafa. Ile inayogoma kupanda ndiyo ya kuogopa.

Presha ikiwa chini kweli, sababu ziko kadhaa na si zote zinahitaji kufungua krenki. Oili nyepesi mno au iliyochakaa ni moja. Kwa joto la Mombasa, 15W-40 ya dizeli ndiyo ya kawaida, na mtu aliyetiliwa oili nyepesi ya gari dogo la petroli atasumbuliwa bure. Vuta kipimo cha oili uangalie kiwango. Kikiwa kimepanda kuliko ulivyotia na oili inanuka dizeli, kuna nozeli (kipulizia dizeli cha silinda) inayovuja au sili ya pampu iliyokatika, na oili imekuwa nyepesi kama maji. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji ya rejeta yameingia, na hapo hesabu yake ni nyingine. Valvu ya kupunguza presha nayo hukwama ikiwa wazi kwa sababu ya uchafu. Pampu ya oili huchakaa. Chujio la kufyonzea ndani ya sampu, yaani sinia la oili chini ya injini, huziba kwa matope meusi, hasa kwenye gari ambalo oili yake ilikuwa ikiongezwa tu bila kumwagwa.

Ukibadilisha oili na filta halafu presha ikarudi, fuatilia wiki mbili tatu kabla hujashangilia. Ikibaki chini na mlio ukaongezeka, endelea kusoma.

Mlio: ni wa nani?

Dizeli yenyewe ni kelele, na hapo ndipo wengi hupotea. Anza na vitu vya nje visivyogharimu chochote: puli ya krenki iliyolegea au iliyoachana na mpira wake, bolti za flaiwili, mikono ya injini, pampu ya vakyumu iliyo nyuma ya alteneta. Vyote hivi hugonga kwa sauti inayofanana na ya beringi, na nimeona puli iliyolegea ikimpelekea mtu hadi kufungua sampu.

Mlio wa mein, yaani beringi zinazobeba krenki kwenye bloku, ni mzito na wa chini. Unausikia zaidi injini inapovuta mzigo, kama pale unapopanda kutoka kwenye feri ukiwa umejaza. Mlio wa konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na krenki, ni mkavu zaidi, wa nyundo ndogo, na hujitokeza hasa unapoachia mafuta baada ya kukanyaga, kwa mwendo wa kati. Pistoni iliyolegea kwenye silinda hupiga kelele asubuhi injini ikiwa baridi, kisha hunyamaza ikipata moto. Beringi hufanya kinyume: oili ikiwa baridi na nzito inajaza nafasi, ikipata moto mlio unatoka.

Nozeli mbovu ndiyo mdanganyifu mkubwa. Inagonga kwa ukali hadi unaapa kwamba konrodi imekwisha. Kwenye injini hizi za zamani kuna jaribio linalosaidia: injini ikiwa imetulia, legeza nati ya paipu ya nozeli moja kidogo tu hadi dizeli itoke, sikiliza, kaza, nenda kwenye nyingine. Vaa miwani, zungushia nati kitambaa na usiweke kiganja mbele ya paipu, maana dizeli ya presha hupenya ngozi. Usithubutu jaribio hili kwenye injini za komoni reli, zile za D-4D na wenzake. Presha yake ni ya kuua.

Mlio ukipungua kwa silinda fulani, bado hujajua kama ni nozeli au konrodi ya silinda hiyo, kwa sababu zote mbili hupumzika silinda isipowaka. Hamisha nozeli uipeleke silinda nyingine. Mlio ukihama nayo, umeokoa injini nzima. Ukibaki palepale, sasa unaweza kumwaga oili.

Oili inayong'aa

Usitupe filta ya zamani. Ikate taratibu kwa kifaa cha kukatia, si kwa msumeno wa chuma, kwa sababu msumeno utakutilia vumbi lake na utashindwa kujua lipi ni lipi. Nyosha ile karatasi juani. Vipande vinavyovutwa na sumaku ni vya chuma: gia, krenki au kemu. Vya rangi ya fedha visivyovutwa na sumaku mara nyingi ni tabaka la juu la beringi, au beringi za alumini, au pistoni. Ukiona rangi ya shaba, beringi za shaba na risasi zimeshamaliza ngozi ya juu na zinaliwa mwili. Kumbuka tu kwamba bushi za juu za konrodi na za taboo (turbo), kama gari linayo, nazo ni za shaba.

Kuna dalili nyingine, tofauti na ule mlio wa kugonga na taa. Ukikanyaga klachi sauti inabadilika, au injini inataka kuzima, au puli ya mbele inaonekana ikisogea mbele na nyuma. Hizo ni washa za thrasti, zinazozuia krenki isitembee kwa urefu. Dereva anayepumzisha mguu juu ya klachi kuanzia Kongowea hadi Buxton ndiye anayezimaliza. Pima kwa dayo geji, ile ya mshale inayopima msogeo, huku ukiisukuma krenki kwa mtaimbo mdogo: injini nyingi za saizi hii zinataka chini ya milimita 0.25, na ikifika 0.30 ujue umefika kikomo. Usipuuze, kwa sababu washa ikidondoka ndani ya sampu, krenki itakula bloku yenyewe, na bloku haina andasaizi, zile beringi nene za kufuata krenki ikisagwa.

Umeshafungua: soma zilizokufa kabla ya kuzitupa

Hapa ndipo mafundi wengi hukimbia, na hapa ndipo ningetaka mwenye gari awepo. Tandika katoni safi. Panga kila beringi kwa namba ya silinda yake, kipande cha juu juu, cha chini chini, uso ukikutazama. Zifute kwa kitambaa kikavu. Geuza kimoja uangalie mgongoni: utakuta maandishi madogo, STD (standadi, saizi ya kiwandani) au 025 au 050 au 010, na namba ya mtengenezaji. Hayo ndiyo yanayokueleza krenki ilishawahi kusagwa au la, japo nayo si ushahidi kamili. Nimeona beringi ya STD imefungwa kwenye shingo (sehemu ya krenki inayozunguka ndani ya beringi) iliyosagwa, mtu akisubiri oili nzito imalizie kazi.

Sasa angalia uso. Kwa kawaida konrodi huchakaa zaidi kipande cha juu, kwa sababu ndicho kinachopigwa na mlipuko, na mein huchakaa zaidi kipande cha chini. Zote zikiwa zimelika hivyo, laini na sawasawa, ni uzee tu. Nunua, funga, songa mbele.

Ikiwa vipande vya juu vya konrodi vimelika vibaya kuliko umri wake, injini imekuwa ikilemewa. Ni tabia ya pikapu za mawe ya kujengea: dereva anapanda kilima kwa gia ya tatu akiona anaokoa mafuta, injini inanung'unika kwa mizunguko michache, na beringi inapigwa wakati oili haina kasi ya kuitenganisha na krenki. Pampu ya dizeli iliyopangwa kuwahisha mafuta kupita kiasi nayo huleta alama hizohizo. Beringi mpya bila kugusa taimingi na bila kuzungumza na dereva zitaishia palepale.

Mikwaruzo inayofuata mzunguko na vijipande vilivyozama ndani ya uso ni uchafu. Ukiona hivyo kwenye injini iliyofunguliwa mwaka mmoja uliopita, aliyeifunga hakusafisha njia za oili za krenki baada ya kuisaga.

Beringi iliyolika ukingo mmoja wa kushoto juu na ukingo wa kulia chini inasema konrodi imepinda. Iliyolika pembeni tu, pande zote za shingo, huenda shingo imesagwa ikawa na kiuno, nyembamba katikati kuliko pembeni, au kona yake ya mviringo imeachwa kubwa. Mein ya katikati ikiwa imekwisha kuliko za mwisho, shuku krenki iliyopinda, au bloku iliyopinda baada ya injini kuchemka siku ya fani kukatika. Mein ya mbele peke yake ikiwa imeliwa upande wa juu, tazama mkanda wa fani: kuna mtu aliukaza hadi ukawa uzi wa gitaa.

Uso wenye vishimo vidogovidogo vyeusi ni kutu ya asidi, matokeo ya oili iliyokaa mno au maji ya rejeta. Hapa gasketi ya hedi na kupozea oili vichunguzwe kwanza. Mgongo unaong'aa kwa mabaka au wenye rangi iliyoungua unamaanisha beringi haikubanwa sawasawa ndani ya nyumba yake, ikawa inacheza. Na kama imezunguka kabisa, ile inayoitwa kuspini, konrodi hiyo haifai tena bila tundu lake kupimwa na kurekebishwa. Ukiifunga beringi mpya ndani ya tundu lililopanuka, itazunguka tena.

Chukua picha za zote zikiwa kwenye katoni. Fundi wa mashine akiziona atakuuliza maswali ya maana zaidi.

Kupima krenki, ndipo saizi ipatikane

Mazungumzo haya yanasikika kila siku kwenye kaunta za spea mjini:

"Shekhe, nipatie beringi za konrodi za 3L."

"Saizi?"

"Zile za kawaida tu."

"Kawaida ipi, fundi? Standadi, kumi, ishirini?"

"Lete standadi, mbele tutajua."

Mbele wanachojua ni mlio. Saizi haitoki kwenye jina la gari wala kwenye kumbukumbu ya mwenye gari. Hata namba iliyo mgongoni mwa beringi ya zamani ni kidokezo tu. Inatoka kwenye maikromita, kifaa cha kupimia unene.

Pima kila shingo mahali pawili kwa urefu, na kila mahali pima mara mbili, mlalo na wima. Tofauti kati ya vipimo ikizidi milimita 0.02 kwa injini za saizi hii, shingo imekuwa yai au imekuwa koni, na beringi mpya haitaishi juu yake. Pitisha ukucha: mkwaruzo unaoukwamisha ukucha haupolishiki, unasagwa.

Andasaizi za kimeta huenda kwa 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Za inchi huitwa kumi, ishirini, thelathini na arobaini, maana yake sehemu za elfu moja za inchi. Tuseme shingo mpya ni milimita 53.00. Andasaizi ya kwanza inataka shingo isagwe hadi 52.75, na kila kipande cha beringi kinaongezeka unene nusu ya hiyo, 0.125, kwa sababu viko viwili. Kumi ya inchi ni milimita 0.254, karibu sawa na 0.25, na tofauti hiyo haitamuumiza mtu. Lakini arobaini ni 1.016. Fundi wa mashine akisaga kwa inchi halafu wewe ukaleta beringi za kimeta za 1.00, umeongeza nafasi ya milimita 0.016 kwenye injini ambayo nafasi yake yote ya kawaida ni kati ya 0.03 na 0.07. Mwambie ni kipimo gani, na akuandikie.

Mpangilio wa kazi ni huu: usinunue kabla ya kupima, na usisage kabla ya kununua. Fundi wa mashine apime na kusema shingo mbaya kuliko zote itasafika kwa saizi gani. Hiyo ndiyo saizi ya shingo zote za aina hiyo; mein zinaweza kuwa 0.25 na konrodi 0.50, hakuna ubaya, lakini konrodi moja haiendi peke yake. Halafu uliza madukani kama saizi hiyo ipo. Krenki iliyosagwa hadi 0.75 ilhali Mombasa nzima ina 0.50 na 1.00 tu itakukalisha ukisubiri mzigo, huku chumvi ya bahari ikiila. Ukishazipata, zipeleke kwake. Azifunge ndani ya konrodi na bloku, akaze kofia (vipande vinavyobana beringi kwa chini) kwa toki ya kitabu, yaani nguvu ya kukazia iliyoandikwa humo, apime kipenyo cha ndani, ndipo amalizie kusaga kulingana na beringi halisi zilizopo mezani.

Mambo mawili ya kumkumbusha, hata kama ana mvi. Kona kati ya shingo na ukuta wake ibaki ya mviringo kama ilivyotoka kiwandani. Ikikatwa kona kali, krenki itavunjika hapo. Na midomo ya matundu ya oili ilainishwe, kisha njia zake zisuguliwe kwa brashi na kupulizwa hadi zitoke safi. Baadhi ya krenki zina plagi zinazotolewa ili kufika ndani. Anayesema "nimepuliza" bila kuzitoa plagi hajasafisha.

Kuna krenki zisizosagwa. Baadhi, zikiwemo za Isuzu za familia ya 4J, zimekomazwa uso kwa naitrojeni kiwandani, na ule ugumu ni wa juujuu tu. Ukisaga unauondoa, na shingo inabaki laini. Soma kitabu cha injini yako kabla. Kama kinakataza, njia ni krenki nyingine nzima au kupeleka ikakomazwe uso upya, kama kuna mtu wa kuifanya.

Kwenye injini kadhaa za Toyota, hata standadi haiko moja. Bloku, krenki au kofia ya konrodi imepigwa namba 1, 2 au 3, na beringi za standadi huchaguliwa kulingana na hizo ili nafasi itoke sawa. Kama krenki haijaguswa na unataka kurudisha standadi, futa matope uisome namba kabla ya kwenda dukani. Ni tofauti ya sehemu chache za elfu moja za milimita, na injini iliyochoka haitajali sana, lakini krenki nzuri inastahili.

Kwenye kaunta

Nenda na namba ya injini iliyopigwa kwenye bloku. Jina la gari halitoshi: Hiace moja huwa na 2L, nyingine 5L, na zilizobadilishwa injini ni nyingi kuliko zisizobadilishwa. Sema kama injini ina taboo. Beringi za yenye taboo hutengenezwa kubeba mzigo zaidi, na kuweka za kawaida kwa sababu "zimeingia" ni kujitafutia kazi.

Utakutana na aina mbili. Moja ina mgongo wa chuma, mwili wa shaba na risasi, na ngozi laini sana juu, nyembamba kuliko unywele. Inabeba mzigo mkubwa, na ile ngozi humeza vumbi dogo, lakini haipendi oili iliyochachuka. Ya pili ni alumini juu ya chuma: inavumilia asidi na ina nyama nene zaidi ya kulika, ila uchafu inaustahimili kidogo. Ushauri wangu ni kufuata aina iliyowekwa na kiwanda. Kwa dizeli ya mzigo isiyo na historia nzuri ya oili, ningechagua ya shaba na risasi kisha nibadilishe oili mapema, kuliko kinyume chake.

Majina kama Taiho na Daido ya Japani au Glyco ya Ujerumani yanajulikana, na kwa sababu hiyo ndiyo yanayoigwa. Boksi halithibitishi kitu. Toa beringi, linganisha maandishi ya mgongoni kati ya vipande vyote: yawe yaleyale, yamepigwa safi. Angalia kama tundu la oili limekaa pale lilipo kwenye la zamani, upana uwe uleule, kijino kiingie kwenye nafasi yake. Pima unene wa vipande vitatu vinne kwa maikromita yenye ncha ya mviringo. Vikitofautiana kwa milimita 0.01 au zaidi, rudisha hapohapo. Na kwa hewa yetu, chungulia kutu kwenye mgongo na kingo. Seti iliyokaa miaka kwenye rafu karibu na bahari huota kutu hata ndani ya plastiki.

Injini iliyofungwa juzi inagonga tena

Kama mwenye gari amekuja kwako na malalamiko haya, orodha ya washukiwa ni fupi. Uchafu ni wa kwanza. Wa pili ni kofia zilizochanganywa au kugeuzwa. Kila kofia ina konrodi yake na upande wake, na namba zilizopigwa ubavuni zikutane. Wa tatu ni kipande chenye tundu la oili kuwekwa chini, na kisicho na tundu juu, hivyo oili ikafungiwa mlango. Wa nne ni bolti za konrodi zilizovutika zikarudishwa zilezile na kukazwa kwa nguvu ya mkono.

Halafu kuna ujanja. Wapo wanaokwangua kingo za kofia kwa faili ili beringi "ishike", na wapo wanaotia karatasi ya sigara mgongoni. Beringi imetengenezwa ikiwa ndefu kidogo kuliko nusu duara, makusudi, ili kofia ikikazwa ibanwe na mgongo ukutane na chuma kikamilifu, kwani joto la beringi hutoka kupitia hapo. Karatasi inazuia joto. Faili inafanya tundu kuwa yai. Gari kama hilo hunyamaza siku chache, zinazomtosha dalali kuliuza.

Njia ya kuzuia yote haya ni plastigeji, uzi mwembamba wa plastiki laini. Kata kipande urefu wa beringi, kilaze juu ya shingo kavu isiyo na oili, funga kofia, kaza kwa toki ya kitabu, na usizungushe krenki hata kidogo. Fungua. Uzi umepondeka ukawa bapa; linganisha upana wake na mistari iliyochapwa kwenye bahasha. Ikisoma 0.05, furahi. Ikifika 0.10, hiyo saizi si yake, hata kama boksi linasema hivyo. Upana ukitofautiana mwanzo na mwisho wa uzi, shingo ni koni, rudi kwa fundi wa mashine. Kazi hii ni ya chini ya saa moja kwa injini nzima ya silinda nne, na sielewi kwa nini bado kuna karakana zinazoiona ni ya kizungu.

Siku ya kuwasha, paka beringi oili nzito ya kufungia, jaza filta mpya kabla ya kuikaza, chomoa waya wa solenoidi ya kuzimia kwenye pampu ya dizeli, kisha zungusha kwa stata kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili izime au geji inyanyuke. Ndipo urudishe waya. Usilipakie mzigo mzito mwanzoni, wala usilipandishe Mazeras likinung'unika kwa gia kubwa. Kati ya kilomita 500 na 1000 mwaga oili, kata filta, nyosha karatasi juani. Vumbi laini la kijivu mara hiyo ya kwanza ni la kawaida. Chembe zinazoonekana kwa jicho, za fedha au za shaba, zinamaanisha ushushe sampu kabla gari halijatoka tena.